Carcano M91/38 ya dola 19.95: tathmini ya bunduki, darubini na risasi yake

Hukumu kwanza, maana wengi hawafiki mwisho. Bunduki: nzuri kuliko sifa yake. Darubini: usiiguse. Risasi: hiyo ndiyo bidhaa yenyewe, na ndiyo ambayo wabishi wengi hawajawahi kuisoma. Asiyeijua risasi ya Carcano, akianza kuzungumzia kifo cha Rais John F. Kennedy pale Dallas tarehe 22 Novemba 1963, mazungumzo yanageuka ubishi wa kijiweni ndani ya dakika tano. Bunduki hii ndiyo ambayo Tume ya Warren, iliyoundwa na serikali ya Marekani kuchunguza kifo hicho, ilisema Lee Harvey Oswald aliitumia.

Tuanze na kifurushi. Duka la Klein's Sporting Goods la Chicago liliuza bunduki hizi kwa posta, masalia ya jeshi la Italia. Bila darubini ilikuwa dola 12.78. Pamoja na darubini, dola 19.95, na nauli ya posta dola 1.50, jumla dola 21.45. Ukitoa moja kwa nyingine unaona kwamba darubini, kishikizo chake na kazi ya kuifunga vilithaminiwa dola 7 na senti 17. Ikumbuke hesabu hiyo.

Aliyeagiza kwa jina la A. Hidell, jina la bandia la Oswald, alijaza kuponi ya tangazo la bunduki ya inchi 36. Iliyotumwa tarehe 20 Machi 1963 ilikuwa ya inchi 40.2, yaani sentimita 102, na pamoja na mkanda na darubini ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi. Namba yake C2766, imetengenezwa Terni mwaka 1940. Ukiifungua, kipande kirefu kuliko vyote, yaani mbao ya kitako, bado kina sentimita 88. Mteja wa siku hizi angerudisha mzigo.

Ulishaji wake unahitaji uangalifu. Risasi 6 hubanwa kwenye klipu ya chuma, na klipu nzima inasukumwa ndani kutoka juu. Risasi ya mwisho ikiingia chemba, klipu inapaswa kudondoka yenyewe kupitia tundu la chini. Midomo yake ikipinda inakwama humo humo. Bila klipu, bunduki haijilishi: unatia moja moja kwa kidole. Na kwa kuwa klipu inaingilia juu, darubini haiwezi kukaa katikati, inafungwa pembeni kushoto. Ghorofa ya sita ya Texas School Book Depository, jengo ambalo Tume ilisema risasi zilitoka humo, yalikutwa maganda 3 matupu karibu na dirisha na risasi 1 nzima chemba.

Bolti, yaani komeo la kuingiza na kutoa risasi, ni nzito kufungua, na triga ina hatua mbili: unavuta hewa kwanza, halafu ndipo unakuta uzito wa kweli. Mafundi shabaha wa jeshi la Marekani walioijaribu mwaka 1964 walilalamikia yote mawili. FBI walipima kwamba kati ya mlio na mlio, kwa kulenga kupitia darubini, haipungui sekunde 2.3. Filamu ya Abraham Zapruder, mtazamaji aliyerekodi tukio hilo, ilikwenda kwa picha 18.3 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde 2.3 ni picha 42. Hiyo ndiyo saa ya mjadala mzima: ukiona majeraha mawili yameachana kwa picha chache kuliko hizo, ama ni risasi moja iliyopita watu wawili, ama ni bunduki mbili.

Sasa darubini. Ni ya kukuza mara 4, kioo cha mbele milimita 18, imetengenezwa Japani na kuuzwa na Ordnance Optics ya Hollywood. FBI walipoipiga kwa yadi 100 (mita 91), risasi zilitua inchi 2.5 hadi 5 juu na pembeni kulia. Kuirekebisha ni taabu: ukigeuza skrubu ya upande mmoja, upande wa pili nao unahama, na msalaba hautulii mpaka upige risasi tano sita. Jeshi lililazimika kuweka vipande vyembamba vya chuma chini ya kishikizo ndipo ilengeke. Dola 7 na senti 17, umepata ulicholipia.

Lakini hapa kuna jambo ambalo wanaoicheka darubini hiyo hulipita bila kulitazama. Gari la Rais lilikuwa likienda kilomita 18 kwa saa, mita 5 kwa sekunde, likilipa dirisha mgongo. Kwenye picha ya 313 ya filamu, ambapo kichwa kinapigwa, umbali kutoka dirishani ulikuwa futi 265.3, takriban mita 81. Risasi huchukua sekunde 0.135 hivi kufika huko, na muda huo gari limesogea sentimita 68. Mstari wa kulenga ulishuka nyuzi 15 na kidogo, na barabara ya Elm yenyewe inateremka nyuzi 3, kwa hiyo tofauti ni nyuzi 12. Zidisha 68 kwa sini ya nyuzi 12: unapata sentimita 14. Mlengaji alitakiwa alenge sentimita 14 juu ya shabaha ili aipate. Darubini iliyokosea juu kwa sentimita 6 hadi 13 inamfanyia sehemu kubwa ya kazi hiyo bila yeye kujua. Ubovu wake ulielekea upande unaofaa. Huo si ushahidi kwamba alifyatua. Ni jibu kwa wanaosema haiwezekani kwa sababu ya darubini. Na vilengeo vya chuma vilivyopachikwa mtutuni, vilivyowekwa moja kwa moja kwa mita 200, navyo hupiga juu ya shabaha kwa zaidi ya sentimita 10 katika umbali huo.

Mtutu wenyewe hauna kashfa. Kwenye maabara ya balistiki ya jeshi, mtawanyiko wa risasi ulikuwa karibu milradi 0.3, yaani sehemu 0.3 kwa elfu ya umbali. Kwa mita 81 hiyo ni sentimita 2.4. Mtaalamu wao, Ronald Simmons, aliiambia Tume ya Warren kwamba usahihi wake ni sawa na bunduki za jeshi za wakati huo. Sifa mbaya ya Carcano imetokana zaidi na watu kuilisha risasi zisizo zake: mifereji ya mtutu wake inataka risasi ya kipenyo cha inchi 0.268, ilhali risasi nyingi za milimita 6.5 sokoni ni inchi 0.264. Inachezacheza ndani ya mtutu, kisha lawama inakwenda kwa Waitaliano.

Risasi yenyewe ilitengenezwa na Western Cartridge Company ya East Alton, Illinois. Kabla ya kuendelea, neno moja: Kiswahili huyaita madini ya risasi na tonge linalotoka mtutuni kwa jina lile lile. Hapa madini tutayaita ledi, tusichanganye.

Ina uzito wa gramu 10.4, urefu wa sentimita 3, pua ya mviringo, moyo wa ledi, na koti la shaba linalofunika kila mahali isipokuwa kitako. Tamko la The Hague la mwaka 1899 lilipiga marufuku risasi zinazochanua mwilini, na koti zima ndiyo njia ya majeshi kulitimiza. Kwa kipenyo kidogo namna hiyo, urefu wa sentimita 3 ni mwingi. Uzito mkubwa umebebwa nyuma ya pua ndogo, hivyo hewa na nyama haviipunguzi kasi kirahisi. Hutoka mtutuni kwa mita 660 kwa sekunde, mwendo wa wastani kwa bunduki ya kijeshi, na haina haraka ya kupinduka.

Maabara ya Edgewood Arsenal ya jeshi la Marekani, chini ya Alfred Olivier, iliipiga kwenye jelatini, nyama ya farasi na nyama ya mbuzi yenye unene unaolingana na njia ya risasi shingoni mwa Rais, kutoka nyuma hadi kooni, sentimita 14 hivi. Iliingia kwa mita 580 kwa sekunde, ikatoka kwa mita 540 hadi 548. Imepoteza chini ya asilimia 7 ya kasi. Tundu la kutokea lilikuwa dogo, kwa sababu haikuwa imepinduka bado.

Hapo ndipo panapouma. Risasi iliyotoka kooni kwa mita 540 kwa sekunde inakwenda wapi? Mbele ya Rais alikaa Gavana wa Texas, John Connally, kwenye kiti cha kukunja kilichokuwa chini kidogo na ndani zaidi kuelekea katikati ya gari. Michoro inayoonyesha risasi ikipiga kona hewani huwaweka watu hao wawili sambamba kama abiria wa daladala, kiti nyuma ya kiti. Wasogeze walipokuwa kweli, kona inapotea. Na ndani ya gari hakukuwa na tundu lolote linalofaa risasi ya kasi hiyo. Ufa wa kioo cha mbele na mbonyeo wa fremu yake ni kazi ya vipande vyepesi.

Jeraha la mgongoni kwa Connally lilikuwa refu kuliko pana. Risasi inayokuja pua mbele huacha tundu la mviringo. Iliyoanza kulala huacha tundu la yai. Nyama ya shingo ndiyo iliyoilaza. Kisha ilikwangua ubavu wa tano na kuvunja sentimita 10 hivi zake, ikatoka chini ya chuchu ya kulia, ikavunja mfupa wa kifundo cha mkono wa kulia, ikaishia juujuu kwenye paja la kushoto.

Na risasi iliyookotwa kwenye machela ya hospitali ya Parkland mjini Dallas, kielelezo namba 399 cha Tume, ina gramu 10.28. Imepungua kidogo tu. Watu huiita ya kimuujiza kwa sababu picha zake nyingi zinaionyesha upande wake mzuri. Itazame kitakoni: imebanwa bapa, na ledi imekamuliwa nje kama dawa ya meno. Shaba haijapasuka kwa sababu mifupa iligongwa baada ya kasi kupungua, na haikugongwa kwa pua. Edgewood walijaribu kinyume chake: walipiga kifundo cha mkono wa maiti moja kwa moja, kasi ikiwa haijapunguzwa na kitu. Pua ilichanua kama uyoga na mfupa uliharibika kuliko wa Gavana. Jaribio hilo huletwa kama hoja dhidi ya risasi namba 399, lakini linasema jambo jingine: iliyompiga Connally mkononi ilikuwa imeshapunguzwa kasi na kitu kilichokuwa mbele yake.

Udhaifu wa hoja hii ya risasi moja kupita watu wawili upo, usifichwe. Jeraha la koo lilikatwa na Dk. Malcolm Perry wa Parkland kupitisha bomba la hewa, na madaktari wa hospitali ya Bethesda waliochunguza maiti hawakuichana njia ya shingo mwanzo hadi mwisho. Fizikia inapata njia inayofaa, upasuaji haukuifuata. Katika jopo la madaktari 9 wa Kamati ya Bunge la Marekani, iliyochunguza upya kifo hicho miaka ya 1970, 8 walikubali risasi moja. Cyril Wecht alikataa.

Risasi ya kichwa ni bidhaa ile ile yenye tabia nyingine. Safari hii pua iligonga mfupa kwanza, kwa takriban mita 550 kwa sekunde. Nishati yake hapo ni nusu ya kilo 0.0104 mara 550 mara 550: jouli 1,570 hivi. Koti lilipasuka, ledi ikamwagika kama vumbi linaloonekana kwenye eksirei, na ndani ya gari, sehemu ya mbele, vikaokotwa vipande viwili vikubwa, kimoja gramu 2.9 na kingine gramu 1.4. Kwa hiyo anayeuliza kwa nini risasi moja ilibaki nzima na nyingine ikavunjika ameshajibiwa na kasi na pua.

Fuvu lililojaa ubongo ni chombo kilichofungwa, kilichojaa kitu chenye maji. Maji hayabanwi. Risasi ikisukuma kando kilichomo, ukuta unapokea shinikizo pande zote kwa pamoja na unapasukia palipo dhaifu. Piga dafu na upige kifuu kikavu: kimoja kinalipuka, kingine kinatoboka. Ndiyo maana ukubwa wa jeraha hausemi risasi ilitoka upande gani.

Kinachosema ni umbo la tundu kwenye mfupa. Jiwe dogo likitoboa kioo cha dirisha, shimo huwa jembamba upande wa mtupaji na pana upande wa pili, kama faneli. Fuvu hufanya vivyo hivyo. Madaktari wa Bethesda walipata kisogoni tundu la milimita 15 kwa 6 lililopanuka kwa ndani, yaani la kuingilia. Waliliweka chini, karibu na kinundu cha kisogo. Jopo la Kamati ya Bunge baadaye likaliweka sentimita 10 juu zaidi. Hiyo si tofauti ndogo, na hakuna fomula inayoifuta.

Sasa mtikisiko wa kichwa, ambao ndio huuza tiketi za sinema. Kati ya picha ya 312 na ya 313 kichwa kinaonekana kusogea mbele kwa sentimita 5 hadi 6. Kisha kinarudi nyuma na kushoto kwa nguvu. Mtazamaji anasema: kapigwa kutoka mbele. Fanya hesabu ya momentamu, uzito mara kasi. Kilo 0.0104 mara 550 ni 5.7. Kichwa chenye kilo 5 hivi, kikipewa yote, kinakwenda mita 1.1 kwa sekunde. Picha moja ni sekunde 0.055. Zidisha: sentimita 6. Hatua ya mbele inaingia kwenye hesabu ya risasi ya nyuma, ingawa ndiyo kikomo cha juu, na picha ya 313 ina ukungu wa kamera kutikisika unaofanya kipimo chenyewe kilegelege. Na mwili mzima, kilo 77? Momentamu hiyo hiyo inausogeza sentimita 7 kwa sekunde. Hakuna risasi ya bunduki ya begani inayomrusha mtu, mbele wala nyuma. Ingemrusha, kitako kingemrusha na mpigaji.

Kwa hiyo kurudi nyuma kunahitaji chanzo kingine, risasi iwe imetoka popote. Luis Alvarez, mshindi wa Nobel, alitoa chake mwaka 1976: mchirizi. Kilichotapakaa mbele kutoka kwenye jeraha kinasukuma kichwa nyuma, kama puto linaloachia hewa. Kinaweza kushinda risasi? Chukua gramu 100 za tishu na uzipe jouli 150, chini ya sehemu moja ya kumi ya nishati. Zinaruka kwa mita 55 kwa sekunde, na momentamu yake ni 5.5, karibu sawa na ya risasi nzima. Zipe kidogo zaidi, kichwa kinarudi. Hesabu inakubali.

Majaribio ndiyo yaliyokuwa na kasoro. Alvarez alipiga matikiti yaliyofungwa utepe wenye nyuzi za kioo, na yakarudi kuelekea bunduki. Lakini alitumia risasi za uwindaji zenye pua laini, kasi kubwa kuliko ya Carcano. Nazi na chupa za jeli zilizopigwa kwenye majaribio hayo hayo zilisukumwa mbele. Mchagua nazi hupata koroma, na safari hii aliyechaguliwa ni tikiti. Larry Sturdivan, aliyekuwa Edgewood, aliiambia Kamati ya Bunge mwaka 1978 kwamba mchirizi ni mdogo na kwamba kilichotokea ni misuli: ubongo ukiharibiwa ghafla, misuli yote hukaza, na ya mgongo ni mikubwa kuliko ya mbele. Nicholas Nalli, mwaka 2018, alirudi kwenye mchirizi kwa mahesabu ya kina zaidi. Sisi tunaona vyote viwili vinahitajika: mchirizi kwa picha chache za kwanza, misuli kwa mwendo unaofuata, maana mchirizi umekwisha kabla ya kiwiliwili kuanza kwenda.

Jambo moja bidhaa hii haifanyi: kutambulika kwa ledi. Vincent Guinn alidai mwaka 1978 kwamba antimoni, madini yaliyochanganyika kidogo na ledi, inatofautisha risasi moja na nyingine, hivyo vipande vyote vilitoka kwenye risasi mbili tu. Tafiti za 2006 na 2007 zilivunja dai hilo: ndani ya risasi moja kiwango hutofautiana mno, na risasi mbalimbali zinaweza kufanana. Anayekuletea hoja ya antimoni leo anakuuzia mzigo uliokwisha muda. Alama za mifereji ya mtutu kwenye kielelezo 399 na vile vipande viwili vikubwa ni ushahidi wa aina nyingine, wenye nguvu zaidi.

Anayetaka kurudia vipimo asidhani ataazimwa C2766. Wataalamu wa Kamati ya Bunge walipoipiga miaka ya 1970, alama zake hazikulingana tena na za majaribio ya FBI. Kupigwa mara nyingi na umri vilikuwa vimeubadilisha mtutu. Tafuta M91/38 nyingine, pima mifereji kabla ya kununua risasi, na ukikuta jaribio lolote limetumia pua laini au shabaha isiyo na ganda gumu, funga ukurasa.